Mshairi na Deni la Kufahamika

Miongoni mwa madeni ambayo mtu huweza kudaiwa, liko moja lisilo hati wala shahidi, na mdai wake hajulikani kwa jina: nalo ni deni la msemaji kwa msikilizaji wake. Mtu anenaye sokoni asifahamike hupoteza bei yake. Anenaye barazani asifahamike huambiwa aseme tena. Mshairi peke yake ndiye asiyeweza kuambiwa aseme tena, kwa kuwa akisema kwa maneno mengine shairi limekwisha kuwa kitu kingine. Basi je, ni haki kumdai? Na ikiwa ni haki, anadaiwa na nani, naye alipe kwa sarafu gani?

Swali hili nililisoma vitabuni kwa miaka mingi, nikalifundisha, nikalitungia mitihani, walakini halikupata kunigusa mpaka Januari 2020. Nilikuwa nyumbani Nyambureti, katika Wilaya ya Serengeti, ilipofika habari kwamba Profesa Euphrase Kezilahabi amefariki dunia Dar es Salaam tarehe 9 ya mwezi ule. Jioni mjomba wangu, mzee aliyepiga litungu tangu ujana wake, aliniuliza marehemu alikuwa nani kwangu hata nikae kimya namna ile. Nilimjibu kuwa alikuwa mwalimu wa walimu wangu, na tena mtu wa Ukerewe. Jambo la pili lilimpendeza kuliko la kwanza, maana Ukerewe kwetu ni ujirani: mtu akitoka Mugumu akafika Bunda, akaifuata njia ya Kisorya, huvuka kwa kivuko akawa amefika kisiwani. "Basi nisomee, mura," alisema, "tumsikie jirani."

Nilikuwa na *Kichomi* mkobani, nikamsomea mashairi matatu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama asikilizavyo uzi wa chombo chake unapokazwa. Nilipokwisha alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Maneno yote nimeyajua. Hakuna hata moja la kukuuliza maana yake. Kwa hiyo si Kiswahili kilichonishinda." Baadaye kidogo akaongeza: "Lakini alikuwa akimwimbia nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa mzee yule, na insha hii nimeiandika kwa sababu hiyo.

Kezilahabi alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, tarehe 13 Aprili 1944. Lugha ya mama yake ilikuwa Kikerewe. Kiswahili alikipata kama wengi wetu wa kanda ya Ziwa tulivyokipata, kwa mwalimu na kwa kitabu. Alisoma katika seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, kisha akaingia Chuo Kikuu Dar es Salaam mwaka 1967, mwaka uleule lilipotangazwa Azimio la Arusha. Mwaka 1971 alitoa riwaya ya *Rosa Mistika*, habari ya binti wa kisiwani kwao aliyelelewa kwa ukali usiokuwa na busara akaharibika alipouonja uhuru. Kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni, na watu walikisoma zaidi kwa sababu hiyo. Kisha mwaka 1974 ukatokea mkusanyo wa mashairi uitwao *Kichomi*. Jina hilo si la kupamba. Kichomi ni maumivu yachomayo ubavuni kila mtu avutapo pumzi: ugonjwa usiomruhusu mwenye nao kuusahau, kwa sababu hawezi kuacha kupumua.

Mashairi yale hayakuwa na vina, wala mizani kumi na sita katika mshororo, wala beti za mistari minne. Mshtuko ulikuwa mkubwa. Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa amekwisha kuziandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na watu wengi walizishika kama mtu ashikavyo mila ya ukoo. Ugomvi ulioanza hapo ulidumu miaka mingi. Mwaka 1984 Jumanne Mayoka aliuita mgogoro katika jina la kitabu chake. Mwaka 1988 Ibrahim Noor Shariff aliandika *Tungo Zetu*, na neno "zetu" katika jina hilo lina uzito wake. Upande wa pili walisimama Mulokozi na Kahigi, waliotoa *Malenga wa Bara* mwaka 1976 na *Kunga za Ushairi* mwaka 1979.

Aghalabu sisi walimu huueleza ugomvi huu kuwa ni wa pwani na bara: wenye lugha wakilinda urithi wao, na wageni wakiingia na viatu msikitini. Maelezo haya ni mepesi mno, nami nimeyatoa darasani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Amri Abedi mwenye sheria alikuwa mtu wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mathias Mnyampala, aliyezitumikia vina na mizani mpaka alipofariki mwaka 1969, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Na Ebrahim Hussein, aliyetunga bila vina kabla *Kichomi* haijatoka, ni mtu wa pwani ya kusini. Mlinzi wa mlango alitoka bara, na mmoja wa waliouvunja alizaliwa ndani ya nyumba. Yamkini mwongofu hushika sheria kwa nguvu kuliko mzaliwa; hilo nalo lastahili insha yake, lakini si leo.

Ninataka kurudi kwa neno la mjomba wangu, kwamba maneno yote aliyajua. Kezilahabi mwenyewe alikuwa amekwisha kusema katika utangulizi wa *Kichomi* kwamba anakusudia kutumia lugha ya kawaida, ile watu waitumiayo katika mazungumzo ya kila siku. Ahadi hiyo aliitimiza. Na papo hapo akaitwa mshairi mgumu! Watu waliokuwa wakizisoma tenzi za Kiamu zenye maneno ambayo hata wazee wa Lamu huyauliza, walilalamika kuwa mtu atumiaye maneno ya jikoni na njiani hafahamiki. Jambo hili ni kinyume cha mategemeo, na mtu akilipuuza ameupuuza moyo wa swali letu.

Naona ugumu ni wa namna mbili. Uko ugumu wa neno, na uko ugumu wa jambo. Katika ushairi wa kale neno laweza kuwa gumu kama ganda la nazi, lakini ukilipasua, ndani unakuta maji uyajuayo tangu utoto: nasaha, malalamiko ya mapenzi, sifa za mji, hofu ya kaburi. Sisemi hivi kwa kuushusha. Maji ya dafu hayachoshi. Kwa Kezilahabi ganda halipo. Neno liko wazi, sentensi iko wazi, na bado mtu hajui amefikishwa wapi, kwa sababu jambo lenyewe linauliza kama kuishi kuna maana, na kama anayeuliza ni mtu yuleyule aliyeanza kuuliza. Kamusi haifungui mlango usio na kufuli.

Wako watakaojibu kwamba fumbo si geni katika Kiswahili. Ni kweli. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifumba, na alikuwa na sababu, maana mji wake ulikuwa katika mashindano na Seyyid Said, na si kila neno liliweza kutembea mchana bila nguo. Lakini fumbo lina mfumbuzi wake. Aliyefumba anajua, na wako waliokusudiwa nao wajue. Wasiojua ndio waliofichwa. Kitendawili kina adabu hiyohiyo. Mtegaji husema "Kitendawili!" nao humjibu "Tega!" Wakishindwa, huwaambia wampe mji, wakiisha kumpa mji, ni wajibu wake kulitoa jibu. Mtoto akipewa mji kisha akakataa kutoa jibu, wenzake humfukuza mchezoni, nao wana haki, kwa kuwa amepokea malipo akazuia mali.

Sasa tumtazame mshairi wetu kwa adabu hii ya watoto, ambayo mimi naiona kuwa ni adabu kamili. Kezilahabi alitega. Tulishindwa. Tulimpa mji, na tukimhesabia miaka tuliyomfundisha na kumchambua, tumempa miji mingi kuliko aliyopewa mshairi mwingine yeyote wa kizazi chake. Hakutoa jibu. Je, alizuia mali ya watu? Ningesema ndiyo, lau ningeamini kwamba jibu alikuwa nalo. Lakini kila nikimsoma naona mtu aliyetega kitendawili ambacho yeye mwenyewe hakijui, akawaita wengine wakae naye mbele yake. Hawezi mtu kudaiwa asichokuwa nacho. Deni lake ni jingine: asifiche alichonacho, na asiuze asichonacho. Mshairi anayejua jibu akalizungushia giza ili aonekane ana kina, huyo ni mdeni wa wazi. Na yule asiyejua, lakini akatoa jibu la kuokota ili watu wampigie makofi, huyo pia ni mdeni, ingawa yeye hafahamiki kuwa mdeni, kwa sababu maneno yake yanafahamika.

Shida, nami siifichi, ni kwamba juu ya ukurasa mwongo na mtafutaji hufanana. Baada ya *Kichomi* wameinuka vijana wengi wanaokata mistari mahali popote wapendapo, wakaita mapengo yale fikra. Naletewa tungo hizo kila muhula. Vina na mizani vilikuwa angalau na faida hii, kwamba mvivu alijulikana kabla ya kufika ubeti wa pili. Walinzi wa sheria walipoliogopa jambo hili hawakuwa wajinga, ila lawama waliielekeza kwa mtu asiyehusika.

Si sisi peke yetu tulioshikana mashati juu ya deni hili, na kisa kinachonisaidia kufikiri kimetoka mbali, Uchina. Nakileta kwa sababu kule ugomvi wa sheria na ugomvi wa kufahamika, ambao kwetu ulikuja pamoja ukachanganyika, ulikuja kwa nyakati mbili. Mwaka 1917 Hu Shi, aliyekuwa akisoma New York, alichapisha shauri katika gazeti la *Xin Qingnian* kwamba fasihi iiache lugha ya vitabu vya kale, iandikwe kwa lugha inenwayo na watu. Washairi wakaziacha sheria zilizokuwa na umri wa karne nyingi. Hivyo ugomvi wa vina ulikuwa umepoa zamani wakati kijana aitwaye Zhao Zhenkai, aliyezaliwa Beijing mwaka 1949 na kufanya kazi ya ujenzi kwa miaka mingi, alipoanza kutunga kwa jina la Bei Dao. Mnamo Desemba 1978 yeye na wenzake walitoa jarida liitwalo *Jintian*, maana yake "Leo", wakalichapa kwa mashine ya mkono na kulibandika ukutani. Mwaka 1980 lilizuiwa.

Maneno ya Bei Dao nayo ni mepesi. Lakini alikulia katika nchi ambamo kila mfano katika shairi ulikuwa umekwisha kupewa maana yake na wakubwa: jua lilikuwa kiongozi, wala halikuwa na ruhusa ya kuwa jua. Yeye alililegeza jua, na bahari, na usiku, akaviacha vitu hivyo bila mwenyewe. Agosti 1980 mtu mmoja jina lake Zhang Ming aliandika katika gazeti la ushairi la *Shikan* akilalamika kuwa mashairi ya namna hii amezisoma mara kwa mara asiambulie kitu. Akayaita ya ukungu, na jina hilo likawa ndilo jina la kundi zima la washairi hao mpaka leo. Mimi simwoni Zhang Ming kuwa mtu mbaya. Swali lake ni la mjomba wangu. Tofauti ni kwamba mjomba wangu alidai kwa niaba ya nafsi yake, akangoja. Kule Uchina deni lilikusanywa na wenye nguvu: katika kampeni ya mwaka 1983 washairi wa ukungu walishutumiwa kuwa wanaichafua roho ya taifa, na mwaka 1989 Bei Dao akiwa Berlin alijikuta hawezi kurudi kwao.

Hapa ndipo swali la nani mdai linapokuwa na makali. Msikilizaji akisema "sikufahamu," amesema habari ya nafsi yake, nayo ni kweli. Mkubwa akisema "wananchi hawakufahamu," amejitia kinywani mwa watu ambao hakuwauliza, na yumkini kinachomsumbua si kwamba shairi halikufahamika, bali amelifahamu kidogo.

Kwetu mambo hayakufika huko, wala si haki kuwalinganisha watu hawa wawili kama kwamba mapito yao ni mamoja. Kezilahabi hakufukuzwa na mtu. Alikwenda Wisconsin, akapata udaktari mwaka 1985 kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi; alirudi, akafundisha; na mwaka 1995 akaenda Chuo Kikuu cha Botswana kwa kazi. Ila hata kwetu serikali na chama walikuwa na hamu ya ushairi wenye kufahamika. Ngonjera za Mnyampala, zilizotolewa na UKUTA mwaka 1970 na 1971, zilikusudiwa kuwafundisha watu siasa ya taifa kwa mazungumzo ya vina, na zilifanya kazi hiyo vizuri. Mpaka leo shule haikosi ngonjera mgeni rasmi ajapo. Watoto husimama mistari miwili, wakapokezana, na hakuna hata mmoja katika hadhira anayeuliza maana. Shairi la namna hiyo limelipa deni lake lote kabla ya kufungua kinywa, na kwa hiyo halina sababu ya mtu kulirudia akiwa peke yake usiku.

Nimechelewa kurudi kwa swali lenyewe la mzee: alikuwa akimwimbia nani? Katika desturi yetu ya Mara swali hili si la utani. Mpiga litungu, na nyuzi zake nane, haimbi hewani. Anamwona aliyekaa mbele yake, anamtaja, anamtaja baba yake na ng'ombe wake, na yule anayetajwa huinuka. Wimbo una anwani. Vina kwetu havikuwa na kazi kubwa. Lugha zetu hupandisha na kushusha sauti ndani ya neno moja, na mwimbaji hupata huko anachokihitaji. Kwa hiyo kutokuwa na vina hakukumtaabisha mjomba wangu hata kidogo. Kilichomtaabisha ni wimbo usiomtaja mtu.

Kisiwani kulekule Ukerewe alikuwako mtu aliyeandika kwa anwani iliyo wazi kabisa. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ndefu ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, ili watu wake wasipoteze habari za maisha ya wazee wao. Aliowaandikia walijulikana, na lugha ilikuwa yao. Hakupatikana wa kuichapisha. Mwishowe aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka Dar es Salaam mwaka 1980, naye akafa mwaka 1981. Miaka thelathini na mitano kitabu chenye kufahamika kwa kila mtu wa Ukerewe hakikufahamiwa na mtu, kwa kuwa hakikuwako mikononi mwao. Nikikumbuka hayo, sithubutu kusema kwamba kufahamika ni kazi ya mwandishi peke yake. Wako wachapaji, wako walimu, iko bei ya kitabu, na iko njia ya kutoka Mugumu hata dukani kinapouzwa.

Kezilahabi aliandika kwa lugha isiyo ya kijiji chake, kwa msomaji asiyemjua jina, ambaye angekisoma kitabu akiwa kimya. Riwaya zake za *Nagona*, mwaka 1990, na *Mzingile*, mwaka 1991, ni fupi na ngumu kuliko mashairi. Mzingile ni njia zenye kumpoteza mtu. *Dhifa*, mkusanyo wa mashairi wa mwaka 2008, ulitoka wakati anafundisha katika nchi ambayo Kiswahili si lugha ya sokoni. Naamini alijua gharama ya jambo hilo. Mtu asiyemtaja yeyote amejinyima furaha ya kumwona msikilizaji akiinuka.

Jioni ya pili, bila kuombwa, mjomba wangu aliniambia nimsomee tena moja, lile la katikati. Alikuwa amemleta jirani yake. Nilisoma, nao wakabishana. Jirani alishikilia kuwa mtu yule katika shairi amekufa tangu mstari wa kwanza. Mjomba akasema hapana, wafu hawaogopi. Waligeuka wote wawili kunitazama mimi, msomi, niwaamue. Nilijikuta nikitaka kuwapa dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi, kama tunavyovipanga katika miongozo ile inayouzwa kwa wanafunzi karibu na mitihani, na ambayo imelilipa deni la Kezilahabi kwa niaba yake kwa fedha bandia. Nilinyamaza. Hawakupendezwa, wakaendelea bila mimi mpaka moto ulipozimika.

Katika karatasi yangu ya mtihani wa ushairi limekuwako kwa miaka kumi na mmoja swali lianzalo "Mwandishi anataka kutuambia nini." Mwaka huu nimeliondoa. Nafasi yake bado iko wazi, na karatasi inatakiwa ofisini mwisho wa mwezi.